Nyumba Isiyo na Kasoro

3 Februari

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Kabla hujauliza habari za nyumba, nikupe habari zangu mimi. Tangu binadamu wa kwanza alipochoka kulala nje akasema ngoja nisimamishe ukuta, hajazaliwa fundi kama mjukuu wako. Ukuta wangu umenyooka mpaka mvua inaona haya kuulowesha. Juzi kuku wa jirani alikanyaga zege langu bichi, akageuka mwenyewe akaja kuomba radhi. Na yote haya nayafanya kwa darasa la sita tu. Ningemaliza la saba ningekuwa hatari kwa nchi.

Haya, nyumba. Kile kizingiti cha mlango wa mbele kilichokuvunja nyonga nimekivunja na mimi. Nilikipiga nyundo kana kwamba kilinitukania ukoo. Pale sasa nitamwaga mteremko wa taratibu kutoka uani mpaka ndani, utaingia kwako kama bibi harusi, hunyanyui mguu. Milango yote naipanua, hata ukija na kiti cha magurudumu na mkoba wako ule wa makorokoro utapita. Bafuni naweka benchi la kukalia ukioga, na vishikio ukutani. Jikoni nashusha meza ili ukatie vitunguu umekaa.

Lakini sikiliza. Sitaki iwe kama wodi. Nimeona nyumba za wazee wa watu, vyuma kila mahali, unaingia unahisi kuumwa hata kama ulikuwa mzima. Wewe umewashonea nguo wanawake wa mtaa mzima, hujawahi kutoka na gauni lisilokukaa. Huwezi kuzeekea kwenye nyumba mbaya. Nakujengea nyumba ya kifahari ambayo kwa siri itakuwa imekushika mkono.

Najua sharti la Shangazi, maana alinipa mwenyewe kwa ile sauti yake ya mkutanoni. Mguu ukipona mtakuja wote, na wewe utatoka kitandani, uende bafuni, kisha uende jikoni ukajichemshie chai, bila mtu kukushika. Ukiweza, unabaki kwako. Ukishindwa, unarudi kwake moja kwa moja na nyumba inapangishwa. Basi muache asubiri. Hajui anashindana na nani.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya Shangazi ina masikio mengi. Akiweka spika, wewe unajibu ndiyo, ndiyo, kama uko kizimbani. Andika, unichambe kwa nafasi.

Mume wako,
Fundi Mkuu


9 Februari

Mume wangu mwenye majivuno,

Anayeandika hapa ni Mwalimu, jirani wa shangazi yako. Amestaafu kufundisha ila mkono wake bado uko kazini. Wangu una ganzi tangu nianguke, kalamu inaniponyoka. Na miwani niliisahau huko kabatini, kwa hiyo yeye ndiye anayenisomea pia. Ukitaka kunitukana, tukana kwa adabu.

Nimecheka habari ya kuku mpaka shangazi yako akaja kuuliza kuna nini. Nakumbuka banda ulilonijengea ukiwa mdogo. Kuku walilitazama, wakaenda kulala juu ya mti. Fundi Mkuu!

Mteremko ni mzuri. Benchi la kuogea ni zuri. Ila mwanangu, ukuta wa korido, ule wa mkono wa kulia ukiingia, usiuguse. Lipu ile aliipiga babu yako mwenyewe, na mimi nikimsogezea ndoo. Uache ulivyo. Na mtungi wangu wa maji ubaki palepale, kwenye kona ya kugeukia jikoni, usiusogeze hata kidogo. Na mlango wa jikoni usiutie mafuta. Najua unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mimi nimeuzoea, nao umenizoea.

Mengine fanya utakavyo, upake hata dhahabu.

Hapa sina ninachokosa, na hilo ndilo linalonimaliza. Napikiwa, nakunjiwa nguo, kikombe kinaondolewa chai haijafika nusu. Shangazi yako anapenda kupanga nyumba upya, jana kiti kiko dirishani, leo kiko mlangoni, ugoko wangu una alama kila upande. Anafanya kwa upendo, Mwalimu andika hivyo, kwa upendo. Lakini kwangu mimi ni mtu. Hapa mimi ni mgonjwa aliyevaa vizuri. Nirudishe kwangu, mume wangu.

Bibi yako,
wa mguu mmoja na nusu


14 Februari

Mke wangu wa mguu mmoja na nusu (ule nusu ndio mzuri zaidi),

Mwalimu, shikamoo. Kama kuna makosa ya herufi, usinichape, niko mbali.

Bibi, nimekutumia miwani yako ndani ya soksi. Soksi ni safi, nimeinusa.

Kuhusu ukuta. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva. Gari alilijua. Lipu alikuwa anaitupa tu ukutani, inayonata inanata, inayoanguka anaikanyaga. Ukuta ule una matuta kama mgongo wa mamba. Umenichubua kiwiko tangu natambaa. Unataka wageni waingie kwenye nyumba ya kisasa wapokewe na mamba? Lakini nimekusikia. Nimesikia la mtungi, nimesikia la mlango. Wewe tulia.

Sasa nikupe jambo la akili. Mlango wa chumba chako nimeuhamisha. Zamani ukitaka bafuni ilibidi utoke, uzunguke, upite na kona. Nimeuziba ule, nimetoboa mwingine mkabala na bafu. Ukiamka, mbele yako moja kwa moja ni bafu, huna kona. Mwenye duka la vigae alipoona alinyamaza kimya, na yule mtu hajawahi kunyamaza. Ana kitabu cha picha cha nyumba za matajiri, nakisoma kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Huko siku hizi kila kitu ni cheupe. Sakafu nyeupe, ukuta mweupe, hata vishikio vyeupe vinapotelea ukutani, huvioni kabisa, unadhani ni urembo.

Lakini wewe ndiye mwenye nyumba na ndiye mwenye jicho la rangi. Uliyemrudishia mtu kitambaa chake kwa sababu kijani chake "kinanung'unika" ni wewe. Basi ndani ya bahasha kuna vipande vitatu vya vigae. Chagua.

Fundi Mkuu
(wa darasa la sita, lakini la mbele)


20 Februari

Mume wangu,

Miwani imefika, asante, inanifaa sana. Mwalimu ataendelea kusoma tu, keshazoea.

Vigae nimevishika vyote. Vizuri. Chukua kile kinachokwaruza.

Kuuhamisha mlango ungeniuliza kwanza. Basi, ndiyo umeshauhamisha. Niambie, ukiingia korido ukitembea ukutani, mlango mpya uko kabla ya pale palipokuwa na ule wa zamani au baada? Nijibu hilo vizuri. Na mtungi uko pale pale?

Usinicheke kwa maswali. Nikilala huwa natembea kwenye nyumba yangu kichwani, toka mlangoni mpaka jikoni, najichemshia chai, nakaa. Sasa umehamisha mlango, jana nikiwa kitandani nimejigonga.

Bibi yako


24 Februari

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Nimepata salamu zako kwa Bibi, zangu naona zilidondoka njiani.

Nakuandikia bila yeye kujua. Daktari wa mifupa amesema nyonga imeunga, anaweza kukanyaga. Kwa hiyo tutakuja Jumamosi ya pili ya Machi kama tulivyokubaliana. Lakini nataka ujiandae moyo. Mguu sio tatizo tena. Mama anamwaga chai kando ya kikombe. Juzi alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za watoto. Mwalimu alicheka akidhani ni utani, Mama naye akacheka, lakini mimi nilimwona usoni, hakuwa anatania. Ukimpa kitu anakitazama pembeni. Akiulizwa anajibu mkato au anageuza maneno. Nimeuliza watu wenye wazazi wakubwa, wote wananiambia ndivyo akili inavyoanza kuondoka.

Usinione mbaya. Mimi ndiye niliyemwokota akiwa amelala sakafuni, nikamwosha, nikamgeuza kitandani. Sitaki kumwokota tena. Ndiyo maana nikaweka sharti. Akilitimiza, nitafunga mdomo wangu, na wewe unajua mdomo wangu.

Lakini usimjaze matumaini kwa vigae.

Shangazi yako


1 Machi

Shikamoo Shangazi,

Salamu zako hazikudondoka, zilikuwa nzito, zimetangulia kwa lori.

Bibi ana akili kuliko mimi na wewe ukituchanganya na Mwalimu juu. Hilo koti lako na mimi ningelisalimia, lina mabega kama mkuu wa kituo. Nimelelewa na yule mama. Naishi chumba cha uani kwake tangu naota meno. Sijawahi kumwona akijikwaa ndani ya nyumba ile mpaka siku ya kizingiti. Anapika, anafagia, anashona pindo bila hata kuinamisha kichwa.

Nyumba imekwisha. Siwezi kujisifu, wewe unajua nilivyo mnyenyekevu, lakini mtu akiingia anavua viatu bila kuambiwa. Nikuibie siri, usimwambie, ni zawadi yangu kwake. Aliniomba niache mambo matatu ya kizamani. Ule ukuta wa Babu wa korido, nimeubandua wote nikaupiga lipu upya, laini kama shavu la mtoto, mweupe. Mtungi wake nimeuhamishia barazani, nimepanda ua ndani yake, ulikuwa umekaa njiani hapo, kiti cha magurudumu kisingepita. Mlango wa jikoni nimebadilisha bawaba, unafunguka kimya kama wingu. Na kigae alichochagua, Shangazi, ni rangi ya maini! Rangi ya maini, Bibi mwenye jicho la rangi! Nikamhurumia. Nimeweka cheupe. Hakitelezi hata kikiloa, nimekijaribu kwa kukimbia na soksi nimekimwagia sabuni. Nilianguka, lakini sababu ni soksi.

Wazee wanang'ang'ania vitu mpaka wavione vipya. Akiona, utamsikia.

Njooni Jumamosi. Nimeweka sufuria jipya, majani, sukari. Mimi nitasimama pembeni, mikono mfukoni.

Mwanao,
Fundi Mkuu


17 Machi

Bibi,

Wiki nzima nimekuwa nashika kalamu naiweka. Mimi, wa kukosa maneno.

Mbona hukuniambia kama hutaki kurudi? Ungesema. Ningekujengea chumba huko huko kwa Shangazi.

Uliingia vizuri. Mteremko uliupanda kama malkia, mpaka majirani wakapiga makofi. Shangazi akakulaza kitandani, akasema haya Mama, tuonyeshe. Ukaamka, ukafika bafuni, moja kwa moja, nikasema moyoni tayari, mechi imekwisha. Ukatoka kwenda jikoni. Ukaweka mkono ukutani, ukaanza kuupapasa, polepole, mpaka nikadhani unausifu. Ukageuka nusu njia. Ukainua mkono kama mtu anayemgusa mtu begani, pale hapakuwa na mtu. Ukarudi. Ukapita mlango wa jikoni uko wazi, mpana, mzuri, ukaupita kana kwamba ni ukuta. Ukajikuta tena bafuni. Ukasimama katikati ya weupe wote ule, kwenye nyumba uliyozalia watoto wako, ukauliza kwa sauti ya mgeni, "Samahani, hapa ni kwa nani?"

Shangazi akalia. Akaniuliza jambo moja, nikamjibu, mkaondoka kabla chai haijachemka.

Sufuria bado liko pale jikoni. Sijalitumia.

Nambie nimekosa wapi. Au usiniambie.

Mjukuu wako


Sijui tarehe. Ni Ijumaa, nimesikia watu wakienda sokoni.

Mume wangu. Hii naandika mwenyewe. Mkono hauna ganzi, haujawahi kuwa nayo. Mstari siuoni ndio maana. Nampa muuza maziwa aitie posta, Mwalimu asijue, anamwambia shangazi yako kila kitu.

Sioni. Ilianza kama ukungu nikiwa bado nashona. Sasa naona mwanga na giza tu. Kwangu nilikuwa naona kwa mkono. Ukuta wa babu yako, ulipokwisha kukwaruza ndipo chumbani. Mtungi ulikuwa baridi, nikiugusa nageuka kushoto. Mlango ukilia najua nimeuvuka. Sikukwambia kwenye barua kwa sababu si mkono wangu ulioandika. Shangazi yako angejua asingenirudisha. Wewe ungekuja ningekwambia sikioni.

Usilie. Nyumba yako nimeisikia ni nzuri, miguu yangu haijawahi kukanyaga sakafu ya namna ile. Ila haikuwa na mahali pa kushika.

Sasa wananipa vidonge vya akili. Vinanilaza mchana. Nimesema ni macho, shangazi yako anasema ndivyo wanavyosema wote, ananipangusia miwani ananivalisha. Nikisema mimi, wanasema ni ugonjwa unaongea. Wewe ulikuwepo. Uliona. Waambie tu pale kona palikuwa na mtungi. Ukiwaambia hilo watanielewa.

Nilisikia ulivyomjibu siku ile. Silaumu. Lakini sema.

Bibi


2 Aprili

Mke wangu,

Mwalimu, shikamoo, uko hapo najua.

Bibi, ile uliyoandika imefika. Herufi zimepandana kama ng'ombe kwenye lango la zizi, lakini nimesoma zote. Nimesoma tena na tena. Lile la mtungi nitamwambia Shangazi. Nitamwambia kwa mdomo, ana kwa ana, maana kwa barua halikai vizuri. Nikija tu.

Wiki hii sitaweza. Yule mwenye duka la vigae ameleta watu kuiona nyumba. Bibi, imekuwa kama maonyesho! Kuna bwana mmoja mama yake anatumia kiti cha magurudumu, alizunguka nacho korido nzima bila kugusa ukuta, akaniita bwana mkandarasi. Mimi! Nimegeuka nyuma kumtafuta huyo bwana. Anataka nimjengee kama hii hii, na dada yake pia. Mpiga picha amekuja, wamenisimamisha pale jikoni nimeshika mwiko ambao haujawahi kuoshwa namna ile.

Walipouliza mwenye nyumba yuko wapi, nikasema amesafiri.

Wiki ijayo nakuja. Vumilia vidonge kidogo tu. Vifiche chini ya ulimi, uviteme.

Fundi Mkuu


11 Aprili

Kwa mjukuu wa Bibi,

Naandika kwa niaba ya Bibi yako, ambaye leo amelala. Jana aliniuliza kama umeshafika. Nikamwambia bado. Akasema basi niandike maneno haya tu: "Mtungi upo wapi?" Nikamuuliza maana yake, akasema wewe unajua.

Shangazi yako amesikitika sana kwa swali hilo.

Mwalimu


20 Juni

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Tangu tumzike Mama hujaandika, hujapiga. Pale makaburini ulisimama nyuma ya watu wote, na ulipomaliza kutia udongo ukaondoka bila kula. Nikasema ni uchungu, kila mtu ana wake.

Kuna jambo sikulisema siku ile. Mapafu yalipojaa, wiki ile ya mwisho, tulimpeleka hospitali nyingine. Mtu akilala mchana na usiku kifua kinakufa, ndivyo walivyonieleza. Zamu ilikuwa ya daktari kijana, msichana. Alimmulika Mama machoni kwa kurunzi yake, akammulika tena, akanigeukia. "Huyu mama haoni tangu lini?" Nikamwambia anaona, ana miwani. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa umekomaa, watu hufanyiwa upasuaji wakaona.

Nilimpa mama yangu vidonge vya wazimu kwa mkono wangu. Nilimbana taya ameze. Aliniambia ni macho, kwa kinywa chake, na mimi nikampangusia miwani.

Nalala na swali la yule msichana, naamka nalo. Tangu lini? Wewe ndiye uliyeishi naye. Ukanisifia akili zake kwenye barua, peke yako, na ulikuwa na haki. Halafu siku ile nyumbani nilikuuliza, na jibu lako ndilo nililoondoka nalo. Nataka uniambie ukweli, hata kama unaniumiza mimi. Ulijua?

Wapangaji wameingia. Wanaisifu nyumba.

Shangazi yako


30 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii haina utani. Nimejaribu kuuweka, umetoka wenyewe.

Unaniuliza tangu lini. Nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano tangu miaka ile bado anashona. Alikuwa ananiita, "Fundi, njoo unionyeshe hilo jicho lako kali," na mimi nilikuwa nakuja mbio kwa sifa. Nilidhani ni deko. Nikimkuta amevaa viatu vya rangi mbili nilicheka, na yeye alikuwa anasema ndiyo fasheni. Hivyo vyote viko mbele yangu sasa, vimekaa kwa safu kama vigae. Lakini hapo nilikuwa sijui, naapa. Nilikuwa mjinga tu, na ujinga nina cheti chake.

Kigae cha maini alikichagua kwa kidole. Hilo nalo sikulijua wakati ule.

Nilihama kile chumba cha uani, nimerudi kwenye nyumba mara moja tu tangu wapangaji waingie. Nilisema nakuja kukagua bomba. Nikafumba macho pale mlangoni nikaweka mkono ukutani, mkono wa kulia. Shangazi, hakuna kitu. Ni laini toka mwanzo mpaka mwisho. Niliufanya mimi kuwa hivyo, siku mbili nikiupiga msasa, nikiimba. Nilitembea mpaka nikagonga uso kwenye fremu. Mama mpangaji akaniuliza kama naumwa.

Ulivyonieleza kuhusu vidonge, kumbana taya, unabeba mzigo ambao haukuwa wako. Alikuambia ni macho, ndiyo. Lakini alikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa mimi. Aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe, barua ya kujikongoja, akaniomba nikwambie jambo moja tu, kwamba pale kona palikuwa na mtungi. Alisema ukisikia hilo utaelewa, na ungeelewa, wewe si mtu wa kuelezwa mara mbili. Nikasema nitakuja wiki ijayo. Nikasema tena. Kulikuwa na wateja. Kulikuwa na picha. Kama ningesema kasoro ilikuwa kwenye nyumba, nani angeniita bwana mkandarasi?

Lakini hata hiyo barua sio yenyewe. Barua ilikuja baadaye. Wewe umeniuliza kuhusu siku ile.

Siku ile nilisimama pembeni, mikono mfukoni, kama nilivyoahidi. Bibi alipofika kwenye kona aliinua mkono. Hakuuinua kama mtu aliyepotea. Aliuinua kwa uhakika, kwa urefu ule ule, kiganja kikiwa kimekunjwa kidogo, kama unavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto uliyemzoea. Na mimi nilijua kulikuwa na nini pale. Nilikuwa nimekibeba mwenyewe kifuani kukipeleka barazani. Kiganja chake kilikaa juu ya mtungi ambao haupo, kikashuka, kikautafuta. Akageuza uso upande wangu, akaniita kwa sauti ya chini, wewe ulikuwa bado mlangoni mwa chumba, hukusikia. Alisema, "Mume wangu, umeuweka wapi?"

Nilijua hapo. Nilijua yote, macho, ukuta, mlango, kigae, kwa mara moja, kama mtu aliyewasha taa. Neno moja lingetosha. Ningesema, hapa Bibi, geuka kushoto. Angegeuka. Angechemsha chai.

Ukasimama mbele yangu, Shangazi, ukaniuliza, "Nambie ukweli, wewe ndiye fundi. Ni nyumba ina kasoro, au ni Mama?"

Nikasema, "Nyumba haina kasoro."

Mwanao